Barua ya Wazi kwa Tume ya Huduma za Umma ya New York na Baraza la Mji wa Buffalo: Jua na Wapangaji wa Riverside

Kwa Waheshimiwa Makamishna wa Tume ya Huduma za Umma ya Jimbo la New York, Albany, na Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza la Mji wa Buffalo.

Waheshimiwa,

Naomba idhini ya kuwaarifu jambo ambalo sisi wapangaji wa Riverside, kitongoji kilichokaa ukingoni mwa mto Niagara katika pembe ya kaskazini-magharibi ya mji huu, tumelizungumza mara nyingi baada ya sala, makanisani na mbele ya maduka ya vyakula ya Mtaa wa Tonawanda, bila ya kupata wa kulifikisha kwenu kwa maandishi. Nalo ni kwamba umeme wa jua, ambao jimbo hili limeutukuza kwa sheria, kwa fedha na kwa ahadi, mpaka sasa umekuwa neema ya mwenye paa, ilhali wengi wetu paa tunalolala chini yake ni la mtu mwingine.

Msidhani kwamba tunaulizia jambo tusilolijua. Katika jirani zangu wamo waliotoka Kivu, waliotoka Unguja na Mombasa, na waliokaa miaka mingi katika kambi za Nyarugusu na Kakuma kabla ya kuletwa Buffalo, na wengi wao waliijua taa ya jua kabla hawajaijua swichi ya ukutani. Mtu aliyewasomesha wanawe kwa koroboi, wakavuta pamoja moshi wa mafuta ya taa hata pua zikawa nyeusi, kisha akajaaliwa kupata taa ndogo ya kuanikwa juani mchana na kuwaka mpaka usiku wa manane, huyo hahitaji kuhubiriwa faida ya jua. Nchini Kenya, kampuni ya M-KOPA ilianza mwaka 2012 kuwauzia watu wa kipato kidogo paneli, taa, redio na waya za kuchajia simu, kwa malipo madogo ya kila siku yapitayo M-Pesa, yenye kukaribiana na kile ambacho mtu alikwisha zoea kukitoa kwa mafuta ya taa. Na hesabu hiyo, ambayo wenye mabenki hawakuitilia maanani, ndiyo iliyoingiza nuru katika nyumba za udongo zilizosahauliwa na nguzo za umeme. Mjini Goma, katika mtaa wa Ndosho, kampuni iitwayo Nuru ilisimamisha mwaka 2020 mtambo wa jua wenye nguvu ya megawati 1.3 pamoja na betri zake, ukapeleka umeme majumbani na kwenye biashara ndogo ndogo za mtaa ule. Na huko Kinyasini, kisiwani Unguja, kipo chuo ambamo wanawake wa vijijini, wengine wasiopata kukaa darasani utotoni, hufundishwa kuunga na kutengeneza mitambo ya jua kwa kuzitambua sehemu zake kwa rangi, na kwa maelezo ya lugha waliyonyonya nayo. Hilo la lugha nalitaja kwa makusudi, na mbele nitalirudia.

Riverside, kwa upande wake, haina deni kwa yeyote katika mambo ya nishati; ikiwa pana deni, basi ni letu sisi kudai. Mto upitao mbele yetu ndio ulioupa mji huu sifa ya kuitwa Mji wa Nuru: mwezi wa Novemba mwaka 1896 umeme wa maporomoko ya Niagara ulisafirishwa kwa waya zaidi ya maili 20 hadi Buffalo, na katika Maonyesho makubwa ya mwaka 1901, yaliyofanyika si mbali na hapa, majengo yalipambwa kwa taa ambazo wageni walizitazama kama waliotazama nyota zimeshuka. Lakini sifa ilipokwenda mjini, moshi ulibaki kwetu. Kaskazini yetu kidogo, katika barabara ya River Road, mtambo wa Huntley ulichoma makaa ya mawe tangu mwaka 1916 mpaka ulipofungwa mwaka 2016. Na jirani yake kilikuwapo kiwanda cha Tonawanda Coke, ambacho mahakama ilikikuta na hatia mwaka 2013 ya kuvunja sheria ya hewa safi, na ambacho kilizima matanuri yake mwaka 2018, baada ya wakazi wenyewe, watu wasio na maabara wala vyeo vya ilimu, kuikusanya hewa waliyokuwa wakiivuta kwa vyombo vilivyotengenezwa kwa ndoo na kuipeleka ipimwe. Wazee waliokuwapo kabla yetu, Wapolandi na Waairishi na Waitaliani, walivuta hewa ile. Na sisi tuliokuja baadaye, kwa sababu kodi za nyumba za hapa ni nafuu, tumerithi nyumba zao na sehemu ya vifua vyao. Kwa hiyo tunapoomba fungu letu katika umeme wa jua hatuombi sadaka. Sheria ya hali ya hewa ya jimbo hili, ya mwaka 2019, imeandika kwamba maeneo yaliyoelemewa namna hii yapate si chini ya asilimia 35 ya manufaa ya matumizi ya nishati safi, na azma ikiwa ni asilimia 40. Sisi tunaisoma sheria hiyo kama ilivyoandikwa.

Fedha haikukosekana. Upande wa kusini wa mji, katika ardhi ya RiverBend ambako zamani palikuwa na kiwanda cha chuma cha Republic Steel, umma wa New York ulitoa dola milioni 750 kujenga na kukipa vifaa kiwanda cha mitambo ya jua, ambacho SolarCity, na baada yake Tesla, walipangishwa kwa dola moja kwa mwaka. Sisemi kwamba fedha ile ilitupwa, kwa maana wapo vijana wa mji huu waliopata riziki mle. Nasema kwamba familia ilipayo kodi ya nyumba kila mwezi kwa jasho jingi ina haki ya kuuliza, maadamu kampuni tajiri ilipangishwa jengo zima kwa dola moja, mpangaji wa Riverside ametengewa nini katika hazina ile ile. Huko Amherst, Chuo Kikuu cha Buffalo kilitandaza mwaka 2012 paneli 3,200 katika bustani iliyobuniwa na Walter Hood, na wanafunzi hupita katikati yake wakienda masomoni. Ni kazi nzuri, nami nimeitembelea nikafurahi. Lakini kutoka kwetu hadi kule ni safari ya mabasi, na nuru yake haiji huku.

Naomba sasa niwaeleze jinsi nyumba zetu zilivyo, kwa kuwa naamini mengi yaliyoamuliwa Albany yaliamuliwa na watu wenye nyumba zao. Nyumba ya kawaida ya Riverside ni ya mbao, ya zamani, yenye ghorofa mbili, familia moja ikikaa chini na nyingine juu, kila moja na mita yake ya umeme, na mwenye nyumba akikaa mahali pengine, pengine hata nje ya jimbo. Mwenye nyumba huyo hana sababu ya kuweka paneli, kwa kuwa ankara ya umeme hailipi yeye. Na mpangaji hana ruhusa ya kuziweka, kwa kuwa paa si lake, na hata akiruhusiwa hawezi kujua kama mwakani atakuwapo. Msaada mkubwa wa serikali ya Shirikisho, yaani kupunguziwa katika kodi ya mapato asilimia 30 ya gharama za mitambo ya nyumbani, ulimfaa mwenye mali aliyekuwa na kodi ya kutosha kupunguziwa, mpangaji haukumgusa. Na sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imeukomesha msaada huo mwisho wa mwaka ule ule, kabla haujawahi kuvuka mlango wa mtu kama mimi.

Uko mlango mwingine, nao mliufungua ninyi wenyewe, Waheshimiwa Makamishna, na kwa hilo mnastahiki shukrani. Mwaka 2015 mliweka kanuni za umeme wa jua wa jumuiya, ambao paneli zake huwekwa mashambani au juu ya maghala, umeme wake ukaingia katika nyaya za kampuni, na mtu aliyejiandikisha, hata akiwa mpangaji wa chumba kimoja, akahesabiwa fungu lake na kupunguziwa katika ankara yake. Kwa njia hii, pamoja na nyingine, jimbo lilitimiza gigawati 6 za mitambo midogo ya jua mwaka 2024, mwaka mmoja kabla ya muda uliowekwa, na sasa linakusudia gigawati 10 ifikapo 2030. Na mwaka 2022 mliridhia mpango ulio bora kuliko yote kwa maoni yangu, ule wa mamlaka ya nishati NYSERDA na kampuni ya umeme ya National Grid, ambao kwao familia zilizomo katika orodha ya nafuu ya ankara huingizwa katika jua la jumuiya moja kwa moja, pasi na muuzaji, pasi na saini, pasi na mtu kupoteza siku ya kazi kufuata karatasi.

Taabu yetu iko katika neno hilo, orodha. Asiyemo katika orodha ya nafuu hawezi kuingizwa na mpango. Na wasiomo ndio wengi wa wageni, kwa sababu fomu haikueleweka, au barua iliyosema mwisho wa muda umefika ilichukuliwa kuwa tangazo la biashara ikatupwa. Serikali ya jimbo inatafsiri karatasi zake muhimu katika lugha 12, na Kiswahili hakimo, ijapokuwa katika mitaa hii kinasemwa na Wakongo, Warundi, Wabantu wa Kisomali, Watanzania na Wakenya, na ndicho kinachowaunganisha watu ambao lugha zao za nyumbani haziingiliani. Sidai kwamba Albany nzima ijifunze Kiswahili. Lakini kampuni ya umeme inayojua kila mita ya Riverside, na Tume inayoiamrisha kampuni hiyo, hazishindwi kuandika ukurasa mmoja kwa lugha hii, na mwingine kwa Kikarenni na Kiburma, ukieleza namna ya kuingia katika orodha ya nafuu na faida ifuatayo, kisha zikawalipa watu wa mitaa hii hii wapite nyumba kwa nyumba kusaidia kuijaza fomu.

Maana wasiopelekewa habari ya kweli hupelekewa nyingine. Jirani yangu mmoja, mama mwenye watoto, alibishiwa hodi na kijana mwenye kitambulisho shingoni aliyemwambia kwa Kiingereza cha haraka kwamba ametumwa kuhusu umeme wa bei nafuu. Akaonyeshwa kioo cha kompyuta ndogo, akaelekezwa mahali pa kutia kidole, naye akatia, akidhani kwamba ametoka kampuni ya umeme na kwamba akikataa atakatiwa. Baada ya miezi akaanza kupokea ankara mbili badala ya moja. Ankara ile ya pili haikuwa wizi. Ilikuwa ya jua la jumuiya, na kwa mwaka mzima huenda ilimpa faida ya dola chache. Lakini yeye hakujua ni nini, akailipa moja na kuiacha ya pili, barua za deni zikaanza kuja, na akaja kwangu na mfuko wa plastiki umejaa bahasha, anatetemeka. Tangu siku hiyo hataki kusikia habari ya jua. Kanuni zenu juu ya makampuni ya kuuza umeme mlangoni zinamtaka muuzaji aonapo kwamba mteja hafahamu Kiingereza, ama alete mwenzake ajuaye lugha ya mteja, ama aondoke. Kanuni hiyo ni njema. Basi na itekelezwe kwa wauzaji wa jua kwa ukali ule ule, na mkataba uliotiwa saini kwa lugha asiyoifahamu mtu ufutwe akiomba, bila ya faini wala maswali.

Wapo watakaosema kwamba maneno yote haya ni ya bure, kwa kuwa Buffalo ni mji wa mawingu, na atokaye Pwani asiupimie mji wa theluji kwa jua la kwao. Hoja hiyo naiheshimu, kwani mimi mwenyewe nimekaa Januari nyingi hapa bila ya kuliona jua kwa siku mfululizo, wala sitaki mtu yeyote adanganywe kwamba paneli za Desemba hutoa sawa na za Juni. Lakini hesabu hufanywa kwa mwaka mzima. Ujerumani, ambayo imejaza paneli mapaa ya nyumba na ya mazizi, hupata jua pungufu kuliko Buffalo; msimu wetu wa kiangazi una siku ndefu na mbingu safi; na paneli, kinyume cha watu, hufanya kazi vyema zaidi katika baridi kuliko katika joto kali, mradi nuru ipo. Tangu mwaka 1954, wataalamu wa maabara za Bell huko New Jersey walipoonyesha kipande cha silikoni kilichogeuza takriban asilimia 6 ya nuru kuwa umeme, ilimu hii haikusimama. Paneli za kawaida leo hupita asilimia 20, na bei yake imeporomoka kiasi ambacho wale wataalamu wasingelisadiki.

Sasa naja kwenye jambo linaloniuma kuliko ankara. Tarehe 23 Desemba 2022 ilianza tufani ya theluji ambayo hapana haja ya kuwasimulia ninyi wajumbe wa Baraza, kwa sababu mlikuwapo. Katika wilaya ya Erie walikufa watu zaidi ya 40. Vituo vya kugawia umeme viligandishwa na theluji, barabara zikafungika, mafundi wasiweze kuvifikia, na maelfu ya nyumba zikakaa gizani kwa siku. Wengi wa wageni hawakuwa wakijua, mpaka usiku ule, kwamba hita iliyo katika chumba cha chini ya nyumba, ingawa huchoma gesi, na gesi haikukatika, haiwezi kufanya kazi bila ya umeme, kwa sababu feni ya kusukuma hewa na kidude cha kuiwasha hutegemea waya. Gesi ilikuwapo bombani, na watu wakaganda kwa baridi. Wapo waliowasha majiko ya kupikia wakafungua milango ya oveni, jambo la hatari ambalo sitalisifu, lakini ambalo sitamlaumu mzazi aliyekuwa na mtoto mchanga mikononi.

Sisi wa Unguja tulikwisha yaona mfano wake katika joto. Kisiwa kile kilitegemea waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kilomoni hadi Fumba, na ulipoharibika mwezi wa Desemba 2009, kisiwa kilikaa bila ya umeme wa gridi mpaka Machi 2010: pampu za maji zikasimama, samaki wakaoza katika majokofu, na aliyekuwa na paneli moja juu ya bati akawa ndiye anayewachajia simu mtaa mzima. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba waya mmoja, hata uwe mzuri namna gani, si amana ya kutosha kwa roho za watu.

Kwa ajili hiyo naomba, na hili nalielekeza kwa Baraza la Mji hasa, kwamba mapaa bapa ya majengo ya umma ya Riverside, kuanzia shule ya Mtaa wa Ontario na maktaba ya Mtaa wa Tonawanda, yawekwe paneli na betri, ili siku za salama umeme wake uhesabiwe kwa wapangaji wa mitaa ya jirani kama jua la jumuiya, na siku ya tufani jengo lenyewe libaki na taa, joto na mahali pa kuchajia simu na vyombo vya wagonjwa vya kupumulia. Simwambii mtu kwamba paneli zilizofunikwa na theluji zitazalisha kitu. Betri ndiyo itakayobeba saa zile za kwanza, ikiwa imejazwa tangu jana yake, na paneli zitaijaza tena mbingu zikifunguka na theluji ikifagiliwa. Feni ya hita ya nyumba moja hutumia wati zipatazo 500. Betri ya kilowati-saa 10, isiyozidi ukubwa wa kabati, ingeiendesha saa 20 bila ya kusita, na kwa kuwa feni huzunguka kwa vipindi, ingeiendesha zaidi. Fikirini basi mwenye nyumba akisaidiwa kuweka betri kama hiyo katika chumba cha chini, kwa sharti kwamba asipandishe kodi ya mpangaji kwa kisingizio hicho, ni watoto wangapi wangelala salama. Wala jambo hili si geni mjini humu: shirika la PUSH Buffalo, huko West Side, liliichukua Shule Namba 77 iliyokuwa imetupwa, likaifanya makazi ya wazee na mahali pa jumuiya, likaitia paani paneli za kilowati 64 ambazo nafuu yake huenda kwa watu wa kipato kidogo. Kilichowezekana Plymouth Avenue kwa nguvu za shirika la wananchi hakiwezi kushindikana kwetu kwa nguvu za serikali.

Ndugu zetu walioko Columbus wametuarifu kwamba mwezi wa Novemba 2020 wapiga kura wa mji ule walikubali kwa wingi mkubwa mji uwanunulie wakazi umeme kwa pamoja, kwa azma ya kuutoa katika jua na upepo. Na walioko Louisville hutuambia kinyume chake, kwamba sheria ya Kentucky ya mwaka 2019 ilimwondolea mwenye paneli mpya haki ya kubadilishana umeme na kampuni kwa kipimo sawa, ingawa baraza la mji wao limekwisha azimia kuitaka nishati safi kwa mji mzima ifikapo 2040. Nawataja si kwa kuwashindanisha, bali kwa sababu familia zetu huhama baina ya miji hii mitatu kwa kufuata kazi na jamaa, na mtu anapouliza wapi pana wepesi wa maisha, ankara ya umeme imo katika jibu.

Ombi langu la mwisho ni jepesi kulitimiza. Vikao vyenu vya kusikiliza maoni ya umma hufanyika kwa saa na mahali ambapo mfanyakazi wa zamu hafiki, na kwa lugha ambayo bibi zetu hawaifahamu. Fanyeni kimoja hapa Riverside, jioni, katika ukumbi wa shule, kabla ya baridi ijayo kuingia. Mje na mkalimani wa Kiswahili anayelipwa ujira wake, msimtegemee mtoto wa shule kumtafsiria mama yake mambo ya mikataba. Na mje na mafundi wa National Grid wenye orodha ya mita, ili mtu aingie ukumbini akiwa hamo katika mpango wa nafuu na atoke akiwa yumo. Viti tutavipanga sisi, na watu tutawaleta.

Nabaki, kwa heshima na kwa matumaini ya jibu lenu,

Mpangaji na msomaji wa ankara za jirani zake,
Riverside, Buffalo, New York